Palipokuwa na Tarumbeta

Miaka ishirini na sita naubeba wimbo huu,
kwanza kwenye kanda, iliyokatika nikaiunga kwa rangi ya kucha,
kisha sidii, sasa flashi ndogo kama punje ya karanga.
Nimeupiga Kongwa, nimeupiga Mpwapwa,
nimeupiga Chamwino jenereta likikohoa,
na hakuna harusi iliyonilipa kabla sijaupiga.

Unaujua. Hata ukisema huujui, unaujua:
«Nitarudi mavuno, mama, usilie,
nitarudi mavuno, usifunge mlango.»
Kisha tarumbeta.
Hapo ndipo mashangazi huvua viatu,
hapo noti hubandikwa kwenye mapaji ya nyuso,
na kidole changu, bila mimi kutazama,
husukuma sauti juu, sekunde moja kabla.
Kimezoea. Hakiulizi.

Jumamosi ile, ukumbi wa Chang'ombe,
Julai, upepo unagonga mabati kama mdai.
Bibi harusi ana mdogo wake, Sechelela,
aliyeshuka na basi la asubuhi kutoka Mvumi,
ilimba yake imefungwa ndani ya khanga.
«Mbukwenyi,» akasema, akaomba kipaza sauti kimoja tu.
Utaimba nini? Akautaja.
Nikacheka. Ule uliimbwa na watu kumi na wawili, binti,
wewe una vidole gumba viwili.

Hakubadili neno. Naapa, hata silabi.
Aliupunguza mwendo tu,
ukawa mwendo wa mtu mwenye ndoo kichwani,
akasema «Nitarudi»

akaacha.

Ilimba ikadondosha matone matatu.
«Mavuno.»
Na ile iliyokuwa ahadi
ikawa kitu ambacho mtu amejirudia peke yake jikoni
hadi kimelika pembe.

Sikuwahi kufikiri kwamba kuna aliyekuwa akiambiwa.
Miaka yote anaimba anayeondoka,
koti begani, treni inapuliza,
nasi tunacheza upande wake.
Sasa wimbo umegeuka, umetazama nyumbani.
«Usifunge mlango,» aliimba
kama anayekumbuka maneno ya mwingine,
nami nikauona mlango wa mama, Kikombo,
tembe yetu, na vumbi linavyoingia
kutua juu ya sahani iliyofunikwa kwa sahani.
Baba alikwenda Tabora, kibarua cha reli.
Sisemi zaidi. Mavuno yenyewe, huku kwetu,
hayana hakika ya kuja.

Kidole kilikwisha kusukuma sauti
kuipokea tarumbeta.
Tarumbeta haikuwapo.
Spika zikakuza kilichokuwapo:
pumzi yake, kijiko kinaanguka, mabati.

Mshereheshaji akanikazia macho.
Shangazi mmoja, viatu mkononi,
hakujua avivae ama avipeleke wapi.
«Huu msiba,» akafoka mjomba Madeha,
«mmetuletea msiba kwenye pilau!»
Lakini na yeye alikuwa amekaa, na pilau hakuigusa.
Bwana harusi anaendesha malori ya Burundi.
Alishika mkono wa mkewe
kama mtu anayehesabu vidole.

Sechelela akaifunga ilimba kwenye khanga,
akaomba soda, akauliza kama ipo ya baridi.

Ijumaa iliyofuata, Bahi, waliutaka ule wa zamani.
Nikaupiga. Mashangazi wengine, viatu vingine.
«Usifunge mlango»
na tarumbeta ikaingia palepale pake,
inang'aa, haijakosea hata nukta,
na kidole changu kikagoma.
Niliisikia kama mtu anayemkatiza mwanamke
ambaye ndio kwanza anafungua kinywa.